Walimu Wasiikimbie Meza ya Garissa

Msafiri anayeondoka Nairobi alfajiri kwa basi la Garissa hupitia Thika na Mwingi, na akiisha kulivuka daraja la Mto Tana huwa amekwenda zaidi ya kilomita 360. Aghalabu hufika mchana, jua likiwa utosini, na jambo la kwanza analouliza, hata kabla ya kuitafuta ofisi iliyomwita, ni mahali pa kupata chakula. Ataelekezwa kwenye hoteli. Nasema hoteli kwa maana iliyozoeleka na Wakenya wengi, yaani nyumba ya kula wala si ya kulala. Wanaolipendelea neno mkahawa wanisamehe. Na akiisha kufika hotelini, msafiri huyo atangoja.

Atangoja sana. Hoteli zenye sifa mjini Garissa hazimpi mtu chakula kwa sababu tu ameketi. Mgeni aliyezoea vibanda vya Nairobi, ambamo sahani humfikia mtu kabla hajamaliza kuagiza, hudhani kwamba wapishi ni wavivu au kwamba amedharauliwa. Wengine huondoka wakinung'unika. Nimewasikia walimu wageni wakisema kwamba hawatakanyaga tena katika hoteli hizo, na wanafunzi wa chuo kikuu wakisema kwamba ni afadhali mkate na soda bwenini. Nauliza leo kama wanajua wanachokiacha wanapouacha mkate huo wa kungojea.

Kwanza tuseme sababu za kukawia, kwa kuwa si siri. Mnyama huchinjwa alfajiri, nyama ikaguliwe na kupigwa mhuri, kisha ifike buchani na hotelini. Mwenye hoteli hununua ya siku hiyo na kuipika siku hiyo. Nyama ya mbuzi haina shida kubwa, lakini ya ngamia, hasa ngamia aliyekwisha kula miaka mingi na kubeba mizigo mingi, ina nyuzi ngumu zinazodai moto wa saa kadhaa. Makaa nayo siku hizi mengi ni ya mathenge, ule mti wa kigeni uliovamia malisho, ambao wafugaji huulaani asubuhi na wapishi huushukuru adhuhuri. Sasa, wali wa Kisomali hupikwa kwa supu ya nyama ile ile, ukatiwa iliki, mdalasini, bizari ya pilau na karafuu. Maana yake ni kwamba mchele hauwezi kutangulia nyama. Mpishi anayeharakisha atakupa wali mweupe na nyama inayokataa kutafunika, na sifa ya hoteli yake itaanguka kabla ya magharibi.

Juu ya hayo ipo sala ya adhuhuri. Muadhini akiadhini, wateja na wahudumu huelekea msikitini, na jikoni hubaki mtu mmoja wa kuangalia sufuria. Sala ikiisha wote hurejea kwa pamoja, yapata saa saba, ambao ndio wakati mabasi ya Nairobi yanapoteremsha abiria wake na madereva wa malori ya Wajir na Dadaab wanapotaka kula kabla ya kuendelea. Siku ya Ijumaa idadi huongezeka maradufu. Siku ya mnada wa mifugo, mji unapojaa watu waliouza na walionunua katika soko ambalo ni miongoni mwa makubwa kabisa ya mifugo katika Afrika Mashariki, sijui hata nitumie neno gani.

Lakini tofauti kubwa kati ya hoteli hizi na nyingine ninazozijua haimo katika urefu wa kungoja. Imo katika namna ya kungoja. Hakuna anayesimama mlangoni. Hakuna anayengojea meza yake peke yake. Penye kiti kitupu ndipo utakapoketi, hata kama viti vitatu vya meza hiyo vimekaliwa na watu usiowajua kwa sura wala kwa lugha. Unanawa mikono, unaletewa bakuli la supu moto na kipande cha ndimu, na kutoka hapo muda wote uliobaki ni wako na wale watu watatu.

Katika mojawapo ya hoteli hizo, ambayo haina haja ya kutajwa, niliketi mchana mmoja mbele ya mzee mfanyabiashara wa mifugo, ndevu zake zikiwa nyekundu kwa hina, na kijana mmoja mwalimu kutoka upande wa Ukambani aliyekuwa hajamaliza muhula wake wa kwanza. Kijana alikuwa na njaa, na haraka pia. Supu ilipokwisha akainua mkono na kumwita mhudumu kwa sauti kubwa, "Warya!"

Mhudumu hakugeuka. Watu wa meza ya pili wakatutazama. Mzee akaiweka bakuli yake chini na kusema kwa upole, kwa Kiswahili cha watu wa Tana, "Mwalimu, yule ana jina. Kama hulijui, mwite walalo. Ni kama kusema ndugu."

Kijana aliona haya. Akaeleza kwamba alilisikia neno lile Nairobi, kwenye matatu na madukani, akadhani ndivyo Wasomali wanavyopenda kuitwa. Mzee akacheka. Akamwambia kwamba yeye na wenzake wa rika moja huitana hivyo mchana kutwa bila ya mtu kukasirika, ila neno hilo likitoka kinywani mwa mgeni, tena kwa sauti ile, huwa sawa na kumwambia mtu mzima "wewe huyo." Baadaye mhudumu alipopita, kijana alijaribu tena kwa neno jipya, na mhudumu akasimama. Chakula hakikuja upesi zaidi kwa sababu hiyo. Nyama ilikuwa bado.

Kwa muda wa dakika arubaini hivi, mazungumzo yalikwenda mbali. Mwalimu alimtaja mwanafunzi wake mmoja aliyekuwa hajaonekana darasani kwa wiki tatu, na ambaye alikwisha mwandika katika daftari la mahudhurio kuwa mtoro. Mzee akauliza ukoo wa mtoto na kijiji, akafikiri kidogo, kisha akasema kwamba mifugo ya watu wale imefuata malisho na kwamba mtoto amekwenda na wadogo zake kwa sababu nyumba nzima imekwenda. Mvua ikinyesha upande huu watarudi, usimfute. Naye mzee akapata nafasi ya kuuliza lililomsumbua: mjukuu wake wa kike yuko gredi ya tisa, na pale nyumbani hakuna aliyeelewa jinsi wanafunzi wanavyochaguliwa kwenda shule za juu chini ya mtaala mpya. Mwalimu alimchorea mambo yote nyuma ya risiti. Ulipofika wali, ndizi mbivu ikiwa kando ya sahani, kijana aliisukuma pembeni aile mwishoni kama tunda. Mzee akamwonyesha namna ya kuikata na kuila pamoja na wali. Sidhani kwamba aliipenda siku ile.

Nimesimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu ndani yake mna mafunzo ya kazi ambayo mwalimu yule hakupewa na chuo chochote. Daftari la mahudhurio lilirekebishwa juu ya meza ya hoteli. Mtoto aliyekwisha kuhesabiwa kuwa amepotea alirudishwa katika hesabu na mtu asiyejua kusoma daftari hilo. Ingalikuwa chakula kililetwa kwa dakika tano, kila mmoja angalikula akainuka, na neno "warya" lingaliendelea kumtangulia kijana yule darasani.

Kungoja ni jambo ambalo watu wa Kaskazini Mashariki wanalijua kuliko Wakenya wengine wote. Mkoa huu, kama ulivyoitwa zamani, uliwekwa chini ya sheria za hali ya hatari mara tu baada ya uhuru, wakati wa vita vya shifta, na sheria hizo hazikuondolewa hadi 1991. Wanaokumbuka Bulla Kartasi mjini Garissa, Novemba 1980, na Wagalla karibu na Wajir, Februari 1984, wanakumbuka watu waliokusanywa na kuketishwa juani wangojee amri. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walitakiwa wajipange upya, wachunguzwe, ndipo wapewe kadi ya kuthibitisha kwamba ni Wakenya kweli. Kwa miaka mingi abiria waliteremshwa karibu na daraja la Tana na kupanga mstari, vitambulisho mkononi, huku basi likiwangoja upande wa pili. Kijana aliyefikia umri wa miaka 18 alipaswa kupita mbele ya jopo la kumhoji kabla ya kupewa kile ambacho mwenzake wa Nyeri au Kisumu alikipata kwa kujaza fomu. Ni Februari 2025 tu ambapo Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kuufuta uchunguzi huo wa ziada kwa kaunti za mpakani. Na hapo Dadaab, ambako kambi zilianza mwaka 1991 kwa ajili ya waliokimbia vita Somalia, wapo watu waliozaliwa, wakakua na kuoa katika mstari wa kungojea mgawo wa chakula.

Mtu akiyajua hayo, hoteli ya saa saba mchana huonekana kwa jicho jingine. Hapo pia watu wanangoja, lakini hakuna anayeulizwa kitambulisho. Mfugaji, karani, mkimbizi mwenye ruhusa ya kusafiri, askari aliye likizoni, mwalimu wa Kikamba na mwuzaji wa simu wote wanaingojea sufuria moja, na sufuria haijui ukoo wa mtu.

Wapo watakaoniambia kwamba nawapamba watu wa meza na kusahau risasi. Sijasahau. Baada ya majeshi ya Kenya kuingia Somalia mnamo Oktoba 2011, miji ya huku iliandamwa na maguruneti na bunduki, na hoteli zikawa miongoni mwa shabaha. Mnamo Aprili 2013 watu waliokuwa wakila chakula cha jioni mjini Garissa walipigwa risasi mezani. Tarehe 22 Novemba 2014 abiria wa basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi walitenganishwa, na 28 wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakienda makwao kwa likizo. Tarehe 2 Aprili 2015 chuo kikuu cha Garissa, ambacho hapo awali kilikuwa chuo cha walimu, kilivamiwa wakati wa alfajiri na watu 148 wakapoteza maisha yao, wengi wao wanafunzi. Na Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti hii hii, ndipo Tume ya Kuwaajiri Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera.

Simlaumu mwalimu yeyote aliyeondoka. Mwenye mama yake hai huko Machakos au Bungoma anajua deni lake. Lakini ni lazima isemwe kwamba madarasa yaliyoachwa yalibaki na watoto, na kwamba watoto hao walilipishwa kosa la watu wasiowajua. Ni lazima pia isemwe kwamba baadhi ya walimu wageni waliobaki, na wengine waliokuja baadaye, walijifungia. Walianza kula ndani ya ua, wakanunua mboga kwa dirisha, wakatembea wakiwa kundi na kurudi mapema. Chuo kikuu kilipofunguliwa tena Januari 2016 wazazi wengi waliwausia wanao wasitoke langoni. Chuo kilipata hati yake kamili mwaka 2017 na kimekua tangu wakati huo, lakini wosia ule haujafutika katika kila nyumba. Naufahamu. Nina shaka tu kama unamlinda mtu.

Sahani ya wali haizuii risasi. Sitasema neno la kijinga kama hilo. Ninachosema ni kwamba mgeni asiyejulikana na mtu hana wa kumwonya. Mtu aliyeketi nawe mara nne akikusubirisha na kusubirishwa pamoja nawe atakuambia ni barabara gani usiipite leo, ni gari gani usilipande, na ni nani anayekuuliza maswali mengi kupita kiasi. Tunakumbuka yaliyotokea Desemba 2015, basi lilipozuiwa karibu na El Wak na abiria Waislamu wakakataa kutengana na Wakristo. Miongoni mwa waliopigwa risasi siku hiyo alikuwamo Salah Farah, naibu wa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Mandera, ambaye alifariki Januari 2016 kutokana na majeraha yake. Alikuwa mwalimu. Inafaa jina lake litajwe katika kila chumba cha walimu nchini, na sijui ni vyumba vingapi linatajwa.

Turudi kwenye chakula. Jambo hili la hoteli yenye sifa na wangojeaji wengi haliko kwetu tu. Katika mji wa San Francisco, Marekani, upo mkahawa wa vyakula vya Burma uitwao Burma Superstar, katika barabara ya Clement, ambao kwa miaka mingi umejulikana kwa vitu viwili: saladi ya majani ya chai yaliyochachuliwa, na kungojesha watu. Hauna desturi ya kumwekea mtu meza kwa miadi. Mteja huandikisha jina lake mlangoni, kisha husimama barabarani au huzunguka madukani mpaka aitwe. Sina ugomvi na utaratibu huo. Ni wa haki, na aliyetangulia hutangulia. Lakini tazama unavyofanya kazi. Wanaongojea husimama nje wakiwa na watu waliokuja nao, na ndani kila kundi hupewa meza yake. Watu mia wanaweza kula katika nyumba ile usiku mmoja bila ya mmoja kuambiwa na mwenzake asiyemjua kwamba amelitamka vibaya jina la mhudumu. Waburma waliouleta upishi ule Marekani ni watu wa taifa ambalo limeonja utawala wa kijeshi, vita na ukimbizi. Ningependa kujua kama mla saladi, baada ya kusimama saa nzima barabarani, huondoka na habari yoyote ya Burma zaidi ya ladha ya majani yake.

Garissa nayo inaelekea huko polepole. Simu ya mkono imeingia jikoni. Mtu hupiga simu kabla ya sala, hutuma fedha kwa M-Pesa, na saa saba kijana wa pikipiki humpelekea chakula ofisini kikiwa kimefungwa. Kwa mgonjwa, kwa mama mwenye mtoto mchanga na kwa mtahini aliyefungiwa na mitihani, jambo hilo ni la heri. Hata mimi nimelitumia. Ila nimeona kwamba wanaolitumia zaidi ni wale wale ambao wangefaidika zaidi kwa kuketi: maofisa waliohamishiwa huku, wafanyakazi wa mashirika, walimu wa shule zenye kuta ndefu. Mtu wa namna hii anaweza kumaliza miaka mitatu Garissa, akala mbuzi wa Garissa kila siku, na asijue kuomba maji kwa Kisomali.

Lawama nyingine ni za wenye hoteli, nao wasikie. Mchana ule ule niliousimulia, gari la serikali lilisimama mlangoni, akaingia mkubwa mmoja na wapambe wake wawili, na kabla hawajakauka mikono waliyonawa sahani tatu zilikuwa mbele yao. Mzee mwenye ndevu za hina aliwatazama bila ya kusema neno, kisha akanitazama mimi. Hakukuwa na haja ya kusema. Alikuwa ameketi pale tangu kabla ya adhana. Mwenye hoteli anayefanya hivyo huiharibu bidhaa yake iliyo bora kuliko nyama, kwa kuwa kungoja kunavumilika ikiwa kila mtu anangoja. Mkubwa naye angepata faida kubwa zaidi kwa kuketi nusu saa kati ya watu anaowaongoza kuliko katika mkutano wa hadhara ambao yeye peke yake ndiye mwenye kipaza sauti.

Bei nazo zibandikwe ukutani. Mwalimu aliyeanza kazi juzi hawezi kuketi kwa amani akiwa hajui kama sahani anayoingojea itameza posho yake ya siku tatu, na mgeni aliyelipishwa zaidi ya mwenyeji mara moja hatarudi mara ya pili. Katika hoteli nyingi bei husemwa kwa mdomo tu, na mdomo, kama tujuavyo, humtazama mtu usoni kabla ya kutaja.

La wanawake ni zito zaidi. Katika hoteli kadhaa wanawake huketi nyuma ya pazia au katika chumba cha kando, na desturi hiyo ina wenyewe, sikuja kuivunja. Lakini chumba hicho aghalabu ndicho chenye joto zaidi, pangaboi lake ndilo lililoharibika, na mhudumu hulikumbuka mwisho. Mwalimu wa kike aliyehamishiwa huku kutoka Kakamega hungoja zaidi ya mwenzake wa kiume, tena hungoja mahali pasipo na mzee wa kumsimulia habari za malisho. Hii ni ajabu katika mji ambao biashara yake ya maziwa ya ngamia imo mikononi mwa wanawake, wanaoyapokea, kuyapima na kuyasafirisha mpaka Nairobi. Mwanamke wa maziwa anajua kila njia ya mfugaji kwa kuwa maziwa yake hutoka huko. Mwenye hoteli atakayewapa chumba chenye hewa na meza ndefu, mwalimu na mama wa maziwa waketi pamoja, ataisaidia shule ya wasichana kwa namna ambayo bodi ya shule haijaifikiria.

Ndugu walimu wakuu, mnampokea mwalimu mpya kwa namna gani? Wengi wenu humwonyesha darasa, ratiba, chumba chake na simu ya kituo cha polisi. Ongezeni jambo moja. Jumamosi yake ya kwanza mpelekeni hotelini mjini, saa saba, wakati watu ni wengi. Msimwagizie chakula mapema kwa simu. Mketisheni kwenye meza yenye watu, mmtambulishe kwa jina na kwa somo analofundisha, kisha nyamazeni. Gharama yake ni sahani mbili za wali. Mtu atasema muda wa mapumziko wa shule hautoshi kwa mambo hayo, na ni kweli, ndiyo maana nikasema Jumamosi.

Wanafunzi nao wasingoje kupelekwa. Wale waliotoka Kisii, Meru na Kilifi kuja kusoma hapa wako katika mji ambao hawatauona tena kwa urahisi baada ya kuhitimu. Waende watu wawili wawili, si kumi, maana kundi la watu kumi huleta meza yake pamoja nalo. Waende mchana, wawaage wenzao, wavae kwa heshima ya mahali. Na wenyeji wa Garissa wanaosoma chuoni wawe wa kwanza kuwaongoza. Mara nyingi nimemwona mwanafunzi mwenyeji akila peke yake hotelini ilhali mwenzake wa darasa moja yumo bwenini akichemsha maharagwe kwa siri juu ya jiko la umeme.

Mwalimu wa Ukambani nilimwona tena siku ya mwisho wa muhula, katika hoteli ile ile. Alikuwa na daftari lake la mahudhurio chini ya kiwiko na alikuwa akingoja. Nilimuuliza habari za mwanafunzi wake. Akaniambia kwamba mvua zilinyesha, ila mtoto alikuwa bado hajarudi. Mama mmoja wa maziwa alikuwa amempa habari kwamba familia ile imeonekana upande wa Balambala, na alikuwa akimngojea mzee amwambie kama hizo ni habari za wiki hii au za mwezi uliopita. Supu ilikuwa imekwisha kuletwa. Nyama, akasema, bado.